Chakula cha Mangaribi: Chepesi kwa Mama, Chenye Nguvu kwa Mutoto

Kutoka kazi moja mpaka kazi tano, katika nyumba nyingi za Kolwezi, Likasi, Kipushi na Lubumbashi, ulizo la mangaribi ni lile lile: «Leo tutakula nini?»

Mama ametoka sokoni, amechoka. Baba yuko kwenye posti, atarudi nyuma ya saa 22. Umeme umekatika tangu asubui, na makala yaliyobaki ni yale ya chini ya mufuko. Mboga haijaiva, na mayi ya bukari hayajachemka. Watoto wadogo wanazunguka mbabula: «Mama, njala inaniuma!» Mama anajibu: «Ngojeni kidogo, bukari inakuya.» Lakini bukari inapofika, mutoto wa miaka mitatu amekwisha kulala kwenye mukeka. Wanamuamusha, wanamutia tonge moja ao mbili kinywani, naye anasinzia tena, chakula kikiwa ndani ya shavu. Wakubwa wanamaliza sahani. Asubui yule mudogo anaamuka bila nguvu, analia kwa kila kitu, na jirani anasema: «Huyu mutoto hapendi kula.»

Je, ni kweli hapendi kula? Mara mingi sivyo. Njala yake ilifika saa 18, chakula chake kikafika saa 21. Hawakukutana.

Hatuandike habari hii ili kuhukumu bamama. Tunajua namna wanavyopigana kila siku. Tunataka kuonyesha kwamba chakula cha mangaribi kinaweza kuwa chepesi kwa njia tatu: chepesi kwa mikono ya mama, chepesi kwa mufuko wa makala, na chepesi katika tumbo la mutoto. Lakini tuangalie vizuri: chakula chepesi si chakula kisicho na kitu. Kikombe cha chai na kipande cha mukate ni vyepesi sana, lakini havijengi mwili wa mutoto.

MPOSHO IMEKWISHA, JINA LIMEBAKI

Mpaka leo, sisi watu wa Katanga tunaita Samedi «siku ya mposho». Vijana wengi hawajui tena sababu. Wakati wa Union Minière, mutumikaji alikuwa anapokea chakula cha jamaa yake kwa juma nzima: unga, maharagi, mafuta, nyama ao samaki, chumvi. Wakati serikali ilipokamata mali ya Union Minière mwaka 1967, na kampani ikaitwa kiisha Gécamines, zoezi lile liliendelea. Mama alijua kwamba unga utakuwako, na alipanga sufuria yake kufuatana na mposho.

Kiisha mambo yakageuka. Mugodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, kazi ya shaba ikaanguka, na mwaka 2003 watumikaji zaidi ya 10.000 wakatoka Gécamines kwa mara moja. Leo kampani ziko nyingi, lakini katika nyumba nyingi ni mama mwenyewe anayetafuta unga siku kwa siku, meka kwa meka.

Na unga wenyewe si kitu cha kutumainia kila wakati. Sehemu kubwa ya mahindi yetu inatoka Zambia. Kati ya mwisho wa mwaka 2022 na mwanzo wa 2023, unga ulikosa katika masoko ya Lubumbashi, na bei ikapanda sana. Mwaka 2024 ukame ukaharibu mashamba ya Zambia, mpaka serikali ya kule ikatangaza musiba wa taifa. Nyumba inayojua kupika bukari peke yake inateseka sana wakati kama huo. Nyumba inayojua kupika vyakula vingine ina pa kukimbilia.

Hatuseme kuacha bukari! Nani katika Katanga atatusikiliza? Baba aliyebeba kazi nzito anaihitaji, na kijana wa miaka 16 vilevile. Tunasema hivi: mutoto mudogo asingojee bukari ya wakubwa.

TUMBO LA MUTOTO NI DOGO

Bamunganga wanahesabu kwamba tumbo la mutoto mudogo linaweza kupokea kama gramu 30 kwa kila kilo ya mwili wake. Mutoto wa kilo 10, basi, anaweza kula kama gramu 300 kwa mara moja. Ni kiasi cha chupa ndogo ya soda. Ukimujaza na bukari tupu na mayi ya mboga, tumbo linajaa mbele ya mwili kupata kile unachotafuta. Anaonekana ameshiba, lakini mwili wake bado una njala.

Kwa sababu hiyo mambo mawili yanahitajiwa. La kwanza, ale mara mingi. Mutoto wa miezi 6 mpaka 8, zaidi ya maziwa ya mama, anahitaji kula mara 2 ao 3 kwa siku. Kutoka miezi 9 mpaka anapofika miaka miwili, mara 3 ao 4, na kitu kidogo katikati, kama vile ndizi ao kipande cha avoka. Maziwa ya mama yaendelee mpaka miaka miwili ao zaidi.

La pili, kile kidogo anachokula kiwe na vitu vitatu, sawa vile bamama walivyofundishwa zamani wakati wa kupima watoto:

– chakula cha kutia nguvu: mahindi, muchele, viazi, mihogo, mafuta;
– chakula cha kujenga mwili: maharagi, karanga, soya, samaki, kapenta, mayai, nyama, vishimu;
– chakula cha kulinda mwili: majani ya mboga, nyanya, karoti, maboga, papai, maembe.

Angalia sufuria yako mangaribi na uhesabu: kimoja, viwili, vitatu? Kama viko vitatu, mama, umeshinda, hata kama hakuna nyama.

SIKU YA MPOSHO: TAYARISHA JUMA

Kazi ya mangaribi inakuwa nyepesi kama sehemu yake imefanywa mbele. Siku ya mposho, chukua saa mbili hivi na ufanye mambo matatu.

Karanga. Chagua kilo moja ya karanga. Zile zilizokunjamana, zenye rangi ya kijani ao nyeusi, ao zenye harufu ya ukungu, uzitupe kabisa. Usizipatie hata kuku. Ule ukungu una sumu inayoharibu maini, na moto wa sufuria hauiondoe. Zile nzuri uzikaange, uziondoe maganda, uzitwange. Weka ndani ya kopo kavu lenye kifuniko, zitakaa juma nzima.

Kapenta. Ondoa muchanga na vichwa, osha kwa mayi ya moto, anika kwenye jua chini ya kitambaa safi, kiisha ukaange kidogo bila mafuta. Sehemu moja utwange iwe unga kwa ajili ya mutoto wa chini ya miaka miwili.

Unga wa uji. Changanya vikombe 3 vya mahindi na kikombe 1 cha soya, kiisha upeleke kwenye mashini ya kusaga. Lakini soya isiende mbichi! Ichaguliwe, ioshwe, ikaushwe na ikaangwe vizuri mpaka inageuka rangi. Soya mbichi inazuia tumbo kusaga chakula, na inaweza kuharishia mutoto.

Sasa tuko tayari. Hizi hapa mangaribi tano, kwa jamaa ya watu 6.

KAZI MOJA: MAHARAGI NA VIAZI VITAMU

Vikombe 2 vya maharagi, viazi vitamu vikubwa 4, nyanya 3, kitunguu 1, vijiko 2 vya mafuta ya mawese, chumvi kidogo.

Usiku wa yenga, tia maharagi ndani ya mayi mengi. Kazi moja, mwaga mayi yale, weka mapya, na uchemshe kwa moto mukali dakika 30. Hapo unaweza kuokoa makala: ondoa sufuria kwenye moto na kifuniko chake, uiweke ndani ya kitunga ao karto iliyojaa vitambaa na magazeti, funika kabisa na blanketi ya zamani. Maharagi yanaendelea kuiva pekee yake. Nyuma ya saa 3 ao 4, usiyaache zaidi. Rudisha kwenye moto yachemke tena mpaka yalainike.

Tia nyanya na kitunguu. Chemsha viazi pembeni ao juu ya maharagi yenyewe. Mafuta ya mawese uyatie mwishoni. Kuna bamama wanaochoma mafuta mpaka rangi nyekundu inapotea. Wanatupa kitu cha bei, kwa maana ndani ya ule wekundu ndimo mulimo vitamini A inayosaidia macho na kulinda mutoto na magonjwa.

Kwa mutoto: ponda maharagi na kiazi pamoja, kwa uma ao kijiko cha muti.

KAZI MBILI: LENGALENGA NA KARANGA

Mafungu 3 ya lengalenga, kikombe 1 cha karanga zilizotwangwa, nyanya 2, kitunguu 1.

Osha majani mbele ya kuyakata. Yatie ndani ya mayi kidogo yanayochemka, funika, dakika 10. Changanya karanga na mayi ya vuguvugu katika kikombe, mimina juu ya majani pamoja na nyanya na kitunguu. Acha kwa moto mudogo dakika 15, ukikoroga ili zisiungue chini. Kwa namna hii unaweza kupika vilevile matembele, majani ya maboga, ao shu ya China.

Kula pamoja na muchele, viazi, ao bukari ndogo laini.

Na sombe? Sombe ni mboga nzuri sana, lakini si mboga ya haraka. Inataka kutwangwa vizuri na kuchemshwa kwa muda murefu bila kufunikwa, ili sumu yake itoke. Uipike siku ya mposho ao yenga, wakati una nafasi. Usiifupishe kwa sababu watoto wanalia.

KAZI TATU: MUCHELE WA SUFURIA MOJA

Vikombe 3 vya muchele, vikombe 6 vya mayi, mikono 2 ya kapenta, karoti 2, nusu ya shu, nyanya 2, kitunguu 1, vijiko 2 vya mafuta.

Kaanga kitunguu, nyanya na kapenta kwa dakika 5. Tia muchele, geuza mara mbili, mimina mayi, funika. Nyuma ya dakika 10 tia karoti na shu iliyokatwa vidogo. Funika tena mpaka mayi yaishe. Sufuria moja, mbabula moja, dakika 25 ao 30. Wa kuosha vyombo naye atashukuru.

Kapenta inaliwa pamoja na mifupa yake, na mifupa ile inajenga mifupa ya mutoto. Kwa yule wa chini ya miaka miwili, tumia ule unga wa kapenta uliotwanga siku ya mposho: kijiko kimoja kikubwa ndani ya sahani yake. Kapenta ina chumvi yake. Onja mbele ya kuongeza chumvi nyingine ao kibu.

Muchele uliobaki usilale inje usiku nzima katika joto. Unaweza kuumiza tumbo hata ukiupasha moto kesho yake. Pika kiasi kinacholiwa.

KAZI INE: MAYAI, NYANYA NA VIAZI

Mayai 5 ao 6, nyanya 4, vitunguu 2, viazi vya kizungu kilo 1 na nusu, mafuta kidogo.

Chemsha viazi na maganda yake, dakika 20 hivi. Wakati vinachemka, kata nyanya na vitunguu, kaanga mpaka vinakuwa mchuzi muzito. Piga mayai, mimina juu yake, koroga pole pole mpaka yaive kabisa. Mutoto mudogo asipewe yai lenye mayimayi.

Katika nyumba nyingine yai linawekwa kwa baba ao kwa mugeni, na mutoto anaangalia tu. Tunaheshimu desturi, lakini hapa tuulizane: mwili wa nani unajengwa sasa? Mayai 5 yaliyokorogwa na nyanya 4 yanafikia watu 6, na hakuna anayenyimwa. Kama mayai ni ghali juma hili, tumia vishimu vikavu vilivyolainishwa ndani ya mayi ya moto, vikakaangwa na nyanya. Vishimu vinajenga mwili sawa na nyama.

KAZI TANO: UJI WA MAHINDI, SOYA NA KARANGA

Hii ni siku ambayo feza imepunguka. Kwa watoto 4: vikombe 2 vya ule unga wa mahindi na soya, vikombe 7 vya mayi, vijiko 4 vya karanga zilizotwangwa, sukari kidogo.

Koroga unga na mayi baridi kwanza, kiisha umimine ndani ya mayi yanayochemka. Pika dakika 15 mpaka 20, ukikoroga. Tia karanga mwishoni. Uji uwe muzito: ukiinamisha kijiko, usianguke kama mayi. Uji mwepesi unajaza tumbo na kuacha mwili mikono mitupu. Patia kila mutoto ndizi iliyopondwa, papai, ao embe wakati wa Novemba na Desemba, wakati maembe yanapojaa kila mahali.

Wengine watasema: «Uji ni wa asubui. Mangaribi ni bukari!» Lakini tumbo la mutoto halina saa mukononi. Linajua tu kama kilichoingia kinafaa.

NA BAKUBWA JE?

Baba anarudi saa 22. Je, atakuta watoto wamekula na yeye hana kitu? Hapana. Mboga ya kazi moja, ya kazi mbili, hata mayai ya kazi ine, inaenda vizuri na bukari. Tosha sehemu yake mbele ya watoto kula, uifunike, na uichemshe tena vizuri wakati anafika. Bukari yake itapikwa kwa dakika chache, yenye moto. Ni bora kuliko bukari iliyopikwa saa 19 na kungojea mpaka inakuwa jiwe. Kazi tatu yeye atakula ule muchele. Usiuache kwenye joto, uufunike na blanketi ungali wa moto, na aukute bado wa moto. Kazi tano wakubwa wapate majani ya mboga na bukari kidogo.

Kuna baba anayeweza kuona vibaya watoto wanapokula bila yeye. Tumuelewe: meza ni pahali pa kuonana na watoto wake. Lakini meza si ya mangaribi tu. Kama yuko kwenye posti ya usiku, anaweza kunywa chai ya asubui nao. Kama yuko kwenye posti ya asubui, ataketi nao saa 18. Na siku ya yenga wote wakule pamoja, bukari na sombe, bila haraka. Muke na mume wazungumuze jambo hili mapema, wasingoje siku ya hasira.

Neno lingine kwa wazazi: patia mutoto mudogo sahani yake. Kula wote katika sahani moja ni jambo la upendo, lakini mikono ya miaka 10 inakimbia kuliko mikono ya miaka miwili. Ukimupatia sahani yake, unaona kwa macho yako amekula kiasi gani.

VUMBI LA MUGODI LISIINGIE SAHANINI

Sisi tunaoishi karibu na migodi tuna jambo lingine la kuangalia. Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao katika Katanga ya kusini. Walipima mukojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini. Walikuta kobalti nyingi, na madini mengine kama risasi na kadmiumu, na kwa kobalti watoto walipita wakubwa. Mutoto anacheza chini, anatia vidole kinywani. Vumbi linaingia pamoja na chakula.

Basi tufanye hivi:

– Baba ao kijana anayetoka kwenye kazi ya madini aache viatu na nguo za kazi inje, aoge, kiisha ndipo abebe mutoto ao aguse sahani. Nguo zile zifuliwe pekee.
– Mifuko iliyobeba mawe ya madini isibebe unga hata siku moja, hata ikifuliwa. Mawe yasilale ndani ya jikoni.
– Majani ya mboga yaoshwe mara tatu kwa mayi safi. Hilo linaondoa vumbi la juu. Lakini madini yaliyoingia kwa mizizi hayatoki kwa kuosha. Kwa hiyo usipande mboga karibu na pahali pa kuoshea madini, wala kando ya muto unaopokea mayi ya kiwanda.
– Watoto wanawe mikono kwa sabuni mbele ya kula. Katika mujimbo yetu kolera inarudi mara kwa mara; sabuni inafukuza vyote viwili, muchafu wa kolera na vumbi.

MAMBO MATATU YA KUKUMBUKA

1. Karanga nzima zisipewe mutoto wa chini ya miaka mitano. Zinaweza kumukaba koo. Zitwangwe kwanza.

2. Chai isinywewe pamoja na chakula. Inazuia damu kupokea nguvu ya maharagi na majani. Mupatie mutoto mayi safi, na kipande cha papai ao nyanya, ambavyo vinasaidia.

3. Mbabula isiingizwe ndani ya nyumba iliyofungwa, hata wakati wa baridi ya mwezi wa 6 na wa 7. Moshi wake mwingine hauonekani wala hauna harufu, na unaua watu wakiwa katika usingizi. Ukimaliza kupika, zima makala kwa muchanga. Kesho yatatumika tena.

VIJANA, NINYI PIA

Habari hii si ya bamama peke yao. Dada wa miaka 14 anaweza kupika muchele wa sufuria moja. Na kaka yake? Vilevile! Wengine wanacheka kijana anayekoroga uji: «We, umegeuka mwanamuke?» Lakini wale wanaotumika mbali na jamaa zao, katika kambi ya Fungurume ao Kolwezi, wanajua: yule asiyejua kupika anakula feza yake yote kwenye malewa. Tena, mama akichelewa sokoni, mudogo wako hawezi kukuuliza kama wewe ni mwanaume ao mwanamuke. Atakuuliza kama chakula kiko.

Anza na kazi moja tu: siku ya mposho, kaanga na kutwanga karanga. Juma linalofuata, chukua mangaribi moja iwe yako.

MAULIZO YA KUZUNGUMUZIA KATIKA JAMAA

1. Kwetu nyumbani, mutoto mudogo zaidi anakula mangaribi saa ngapi, na analala saa ngapi?
2. Katika sahani ya jana, vyakula vitatu (cha kutia nguvu, cha kujenga, cha kulinda) vilikuwamo? Kimoja gani kilikosa, na tunaweza kukipata namna gani bila kuongeza feza nyingi?
3. Nani atachukua mangaribi gani juma hili?

Andikeni majibu kwenye karatasi, muibandike jikoni. Kiisha mujaribu kwa juma moja tu, kutoka kazi moja mpaka kazi tano. Siku ya mposho, muangalie mutoto mudogo anavyoamuka asubui. Yeye ndiye atawapa jibu.